Mashetani ya Mpingo: Je, Msanii ni Mwehu?

Katika mijadala ya uhakiki kuna kauli inayorudiwa mno: eti msanii mkubwa lazima awe na kichaa kidogo. Mifano huletwa kutoka Ulaya. Vincent van Gogh alijikata sikio Desemba 1888; Edvard Munch alilazwa katika kliniki ya Copenhagen mwaka 1908. Kisha kidole hugeuzwa kwetu: tazama vinyago vya mashetani vya Wamakonde, macho yametoka, viungo vimepindana, aliyechonga hivi ana akili timamu kweli? Mimi ni mtu wa Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, na ninaona swali hilo limekaa vibaya. Hebu tulipime kwa historia.

Tuanze na hao Wazungu. Maisha yao yanafanana kweli. Van Gogh alikuwa na dada, Wil, aliyeishi miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Dada yake Munch, Laura, naye aliugua akili. Wote wawili walizidisha pombe. Lakini tuulize, kazi zao walizifanya lini? Van Gogh alilazwa Saint-Rémy, Ufaransa, toka Mei 1889 hadi Mei 1890. Picha yake ya usiku wenye nyota ni ya Juni 1889, alipokuwa na nafuu. Julai ugonjwa ukapanda, na kwa majuma kadhaa brashi ikakaa chini. Munch alichora ile picha ya ukelele mwaka 1893, miaka 15 kabla ya kulazwa, na alipotoka kliniki mwaka 1909 aliendelea kuchora hadi kufa kwake mwaka 1944. Ugonjwa uliwapa mateso, pengine na maudhui. Ufundi waliupata kwa kufanya kazi.

Sasa tuje kwa mashetani yetu. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi, hasa kwenye mashamba ya mkonge, na uchongaji wao wakaja nao. Mtindo wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa, aliyekuwa akimwuzia vinyago mfanyabiashara Mohamed Peera jijini Dar es Salaam. Ulipopata soko, wengine wakaufuata. Mchongaji hutazama gogo la mpingo, hufuata mkunjo wake, na anajua fika mteja anapenda nini. Hiyo ni karakana, jamani! Kichaa cha mtu mmoja hakiwezi kuwa mtindo wa mamia ya watu.

Mtazame George Lilanga (1934–2005), Mmakonde wa kusini. Aliingia Nyumba ya Sanaa kama mlinzi, akaishia kuwa msanii anayejulikana duniani. Mashetani yake aliyatoa kwenye mpingo akayatia kwenye picha za rangi, yakawa yanacheza na kupiga soga kama majirani. Miaka ya mwisho kisukari kilimtesa, hata akakatwa mguu. Hakuna mhakiki anayesema kisukari ndicho kilichochora. Kwa nini basi kichaa kipewe sifa hiyo?

Jambo hili si la darasani tu. Kwetu, mtu akianza kukesha na kusema peke yake, jamaa husema ana mashetani. Wengine humpeleka kwa mganga, wengine hospitali. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ipo tangu 1927, lakini jina lake mitaani limekuwa tusi. Yaani mgonjwa tunamcheka, halafu ugonjwa wenyewe tunausifu tukiukuta kwenye picha! Wagonjwa wengi hawatachonga wala kuchora chochote. Wanahitaji dawa, chakula na watu wao.

Hata katika fasihi tabia hiyo ipo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anajiua, na wapo wasomaji wanaomtafuta mwandishi ndani yake. Euphrase Kezilahabi aliishi hadi 2020, akiandika na kufundisha, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Aliyaona mateso ya kizazi chake akayapa umbo, kama mchongaji anavyompa shetani umbo. Mhakiki aanze na umbo hilo. Cheti cha daktari tumwachie daktari.