Kibanja na Maabara: Historia Fupi ya Mradi wa CaSa, Karagwe na Kyerwa

Watu wa Karagwe hawakungoja chuo kikuu chochote kije kuwafundisha kwamba taka ni chakula cha ardhi. Tangu zamani mama wa Kinyambo, akisha kumenya ndizi, hutupa maganda chini ya mgomba ulio karibu na mlango, na majivu ya mekoni yakafuata, na samadi ya ng'ombe ikafuata, hata kibanja, yaani shamba la migomba kando ya nyumba, kikawa cheusi na kinene, ilhali rweya, mbuga iliyo hatua chache mbele, imebaki na nyasi tu. Nalitanguliza hili kwa makusudi, kwa kuwa hadithi ya mradi huu aghalabu husimuliwa kana kwamba elimu yote iliteremka kwa ndege kutoka Berlin, na hiyo si insafu.

Wenyeji wa jambo hili walikuwa MAVUNO, jumuiya ya wakulima wa Karagwe, na wageni wao walikuwa wahandisi wa kujitolea wa Ingenieure ohne Grenzen kutoka Berlin pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha mji huo. Walianza na gesi itokayo katika samadi na mashina ya migomba, wakaja kwenye majiko yasiyokula kuni nyingi, na jambo la tatu, ambalo wengi walilitaja kwa sauti ya chini, likawa choo. Ndiyo CaSa, jina lililounganisha makaa na usafi.

Choo chenyewe hutenga mkojo mbele na kinyesi nyuma. Kinyesi hutiwa katika tanuri ya udongo wa mfinyanzi, chini yake jiko dogo la gesi ya vumbi la mbao, na mtu husimama na kipimajoto mpaka joto lipite nyuzi 65 na kukaa hapo, vijidudu vife. Jiko likizimika huacha makaa, nayo huchanganywa na kinyesi hicho kilichokwisha kupashwa joto, mkojo, majivu, nyasi na mabaki ya jikoni, kwa kuiga ardhi nyeusi ya kale ya Amazon. Wapo waliosema ni najisi, na hatukuwalaumu; tuliwaonyesha mboji iliyoiva, tukawaacha wainuse wenyewe.

Mwaka 2014 Ariane Krause, akiandaa shahada yake ya uzamivu, alipima mambo haya shambani, naye Profesa Martin Kaupenjohann wa elimu ya udongo akiwa miongoni mwa wenziwe. Vitalu vilikuwa vya mita 9 za mraba, kila mbolea ikarudiwa mara 5, na mazao 7 yakachanganywa kama mkulima achanganyavyo, si kama maabara ipendavyo. Na hilo, kwa rai yangu, ndilo lililowafanya majirani waamini. Udongo wetu una asili ya volkano, huishika fosforasi na kuinyima mimea. Pasipotiwa kitu mahindi yalitoa tani 1.10 kwa hekta, kwa masalio ya mtambo wa gesi ya samadi 2.63, kwa mboji ya kawaida 3.18, na kwa mboji ya CaSa 4.40; na uchachu wa udongo ukapungua, pH ikapanda kutoka 5.3 hadi 5.9.

Mengine ni ya kuorodhesha: mwaka 2012 Kyerwa ilijitenga na Karagwe ikawa wilaya kamili, walakini rafiki zetu wa huko walibaki rafiki, mwaka 2015 makala ya kwanza kuhusu mzunguko wa virutubisho, mwaka 2016 matokeo ya shamba katika jarida la SOIL, kisha tasnifu. Hapakukosa miezi migumu, nayo imepita.

Makala ya 2016 husomwa bure na kila mtu, lakini ni ya Kiingereza. Kwa heshima na taadhima tunawaomba walimu wa sekondari wa Karagwe na Kyerwa wayatie katika Kiswahili, ili mwenye kibanja ajisomee mwenyewe hesabu ya udongo wake.