Kiwi cha Maji: Miwani ya Mvuvi Ilitoka Wapi?

Mtu anayevua kwa mshipi kwenye maji ya kina kifupi hapa Cape Cod hutupa ndoano baada ya kumwona samaki, si kabla. Kwenye mchanga mweupe wa Monomoy, majira ya joto, wale samaki wakubwa wenye mistari ubavuni hupita kama vivuli, na mvuvi husimama magotini majini akisubiri kivuli kimoja kisogee. Jua likipanda, maji hugeuka kuwa kama bati jipya. Samaki yupo hatua tatu mbele yako na humwoni.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili: kiwi. Najua wenzangu wengi chamani wakisikia kiwi wanafikiria tunda, au dawa ya viatu. Lakini kiwi cha macho ni ile hali ya kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali, na jua la majini hutia kiwi kuliko jua la nchi kavu. Ukiingia katika duka lolote la zana za uvuvi huku utakuta ukuta mzima wa miwani inayodai kuondoa kiwi, nyingine kwa dola 20, nyingine zaidi ya dola 200. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba anayejua miwani hiyo ilivyopatikana hatadanganywa kirahisi na ukuta huo.

Tuanze na kutofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya. Kupunguza mwanga ni jambo la kale sana. Wainuiti wa kaskazini walichonga miwani ya mfupa na mbao yenye ufa mwembamba tu wa kuchungulia, ili theluji isiwapofushe. China nako walitumia vipande vya mawe ya kwatsi yenye rangi ya moshi. Vifaa hivyo hupunguza mwanga wote kwa pamoja: ule unaokusumbua na ule unaouhitaji. Miwani ya polaraizi haifanyi hivyo. Yenyewe huchagua.

Huchagua nini? Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo hutikisika kukata njia yake: juu na chini, kulia na kushoto, na mshazari wa kila namna. Mwanga wa jua umechanganya yote. Ukigonga uso wa maji kwa mshazari na kurudi machoni mwako, sehemu kubwa ya huo unaorudi hutikisika kwa ulalo, sambamba na maji. Mwanga unaotoka ndani ya maji, ule uliomgusa samaki, haujafungwa na ulalo huo. Fikiria kamba iliyopitishwa katikati ya fito mbili za ua zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, mtikisiko unapita. Ukiitikisa kulia na kushoto, fito zinauzuia. Lenzi ya polaraizi ni ua wa namna hiyo, ila fito zake ni ndogo kiasi cha kutoonekana.

Aliyegundua kwamba mwanga unaorudishwa una tabia hii alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Étienne-Louis Malus, aliyewahi kwenda Misri na jeshi la Napoleon. Mwaka 1808, akiwa nyumbani kwake Paris, alitazama jua la jioni likimulika kwenye madirisha ya kasri la Luxembourg. Mkononi alikuwa na fuwele ya kalisaiti, jiwe ambalo Mdenmarki Rasmus Bartholin alikwisha kueleza mwaka 1669 kwamba humfanya mtazamaji aone kila kitu mara mbili. Malus alipoizungusha fuwele yake, taswira moja ya dirisha ilififia na nyingine ikakoza. Ndiye aliyelipa jambo hilo jina la polaraizesheni. Alifariki mwaka 1812 akiwa na miaka 36.

Miaka mitatu baadaye Mskoti David Brewster alipata kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ingefaa ibandikwe kwenye kila boti. Kwa kila kitu kinachorudisha mwanga ipo pembe moja ambapo mwanga unaorudi huwa umelala kabisa. Kwa maji, pembe hiyo ni takriban nyuzi 53 kutoka kwenye mstari wa wima. Ukipiga hesabu, maana yake ni kwamba miwani hufuta kiwi vizuri kabisa pale palipo mbali nawe mara moja na theluthi ya urefu wa macho yako kutoka majini. Macho yakiwa mita 1.5 juu ya maji, ni mita 2 tu mbele yako. Macho yakiwa mita 3 juu, ni mita 4. Mbali zaidi ya hapo miwani bado inasaidia, lakini inapungua nguvu. Kumbe wale manahodha wanaojenga jukwaa juu ya boti ili kutafuta samaki wanafuata Brewster bila kumtaja.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1815 maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuvaa. Fuwele za kalisaiti zilikuwa nene, ghali na ndogo, zikifaa kwenye darubini za maabara. Hapa ndipo inapoingia sehemu ninayoipenda kuliko zote, yaani mkojo wa mbwa.

Mwaka 1852 daktari mmoja wa Bristol, Uingereza, aitwaye William Bird Herapath, aliletewa habari na mwanafunzi wake Phelps. Mwanafunzi huyo alidondosha ayodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini, na fuwele ndogo za kijani zikajitokeza ziking'aa. Wangeweza kuumwaga. Herapath alizitazama kwa hadubini akaona kwamba fuwele mbili zikipandana, pengine mwanga ulipita na pengine palikuwa peusi tii, kutegemea zimelalaje. Alielewa mara moja kwamba kila fuwele ni kichujio cha polaraizi, chembamba kuliko kalisaiti yoyote. Na kwinini hiyo ni ileile dawa chungu ya malaria ambayo babu na bibi zetu waliimeza huku wamekunja uso. Herapath alihangaika kukuza fuwele zake ziwe kubwa za kutosha kutumika, lakini zilikuwa dhaifu, zikivunjika kwa kuguswa tu.

Aliyefungua fundo hilo alikuwa kijana wa umri wetu, na labda ndiyo maana habari yake inanigusa. Edwin Land alizaliwa mwaka 1909 Bridgeport, Connecticut. Aliingia Harvard mwaka 1926, akaondoka baada ya miezi michache, akaenda New York. Mchana alisoma katika maktaba kuu ya jiji. Usiku alipenya kwa siri ndani ya maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia kufanya majaribio. (Walimu wetu wasidhani napendekeza.) Habari za Herapath alizikuta katika kitabu cha yuleyule Brewster kuhusu kaleidoskopu. Wazo lake lilikuwa kuacha kabisa kutafuta fuwele moja kubwa. Alisaga mamilioni ya fuwele ndogo, akazichanganya na plastiki laini, akazilazimisha zote zielekee upande mmoja, kisha akaacha plastiki igande. Hataza aliiomba mwaka 1929 na akapewa mwaka 1933. Kwa mara ya kwanza polaraizi ilikuwa karatasi unayoweza kuikata kwa mkasi.

Land hakuwa na mawazo ya wavuvi hata kidogo. Alitaka kuokoa maisha barabarani: weka kichujio kwenye taa za mbele za kila gari na kingine mbele ya dereva, na taa za anayekuja hazitakutia kiwi tena usiku. Kwa miaka mingi aliwabembeleza wenye viwanda vya magari wa Detroit, nao hawakukubali. Ugumu mmojawapo ni kwamba mpango huo ungefaa tu kama magari yote yangefungwa vichujio.

Samaki ndiye aliyemlipia kodi. Mwaka 1934 Land alikodi chumba katika hoteli ya Copley Plaza, Boston, akaweka bakuli la kioo lenye samaki wa dhahabu dirishani, mahali jua lilipopiga. Kisha akawakaribisha wakubwa wa American Optical, kampuni ya miwani ya Massachusetts. Wageni walipoingia hawakuona samaki. Waliona mng'ao tu. Akawapa kila mmoja kipande cha karatasi yake, na samaki wakaonekana. Kampuni ikakubali kutengeneza miwani ya jua ya polaraizi, na mwaka 1937 shughuli za Land zikawa Polaroid Corporation, huku Cambridge ng'ambo ya mto. Mwaka uliofuata walipata aina bora zaidi ya kichujio: plastiki inayovutwa mpaka nyuzinyuzi zake zilale upande mmoja, kisha inachovywa kwenye ayodini, bila kwinini kabisa. Miwani mingi ya leo bado hufuata njia hiyo. Kwinini nayo haikuachwa: ilipokuwa adimu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ni Land aliyewagharimia Robert Woodward na William Doering, ambao mwaka 1944 walitangaza njia ya kuitengeneza maabara.

Ningeishia hapo makala ingekuwa hadithi tamu ya kijana mwerevu. Lakini sisi tunaosoma Kiswahili hatuwezi kuitaja Polaroid bila kuitaja Afrika Kusini. Kampuni ilikuwa imehamia kwenye kamera za papo kwa papo, pamoja na mtambo wa kutengeneza vitambulisho. Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili Weusi, Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, waliona kwenye ubao ofisini mfano wa kitambulisho cha Idara ya Migodi ya Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakabaini kwamba picha za Polaroid zilitumika katika pasi ambazo makaburu waliwalazimisha Waafrika kuzibeba. Mwenye asili ya Kenya hahitaji kufafanuliwa. Nyumbani kitu hicho kiliitwa kipande, na enzi za mkoloni wanaume walikivaa shingoni ndani ya kijikopo cha chuma.

Hunter na Williams waliunda kikundi cha wafanyakazi, wakaandamana, wakataka watu wasusie bidhaa za kampuni, wakafika hadi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Januari 1971 Polaroid ilitangaza kwamba haitauza tena moja kwa moja kwa serikali ya Afrika Kusini na kwamba wakala wake huko ataongeza mishahara ya Waafrika. Hunter alifukuzwa kazi mwezi uliofuata. Mwaka 1977 gazeti moja la Boston lilifichua kwamba wakala huyo aliendelea kuiuzia serikali kisirisiri, na hapo ndipo kampuni ilipoondoka. Land ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni miaka yote hiyo. Wanaomsifu kwa kuondoa kiwi machoni mwa watu mara nyingi huiacha sura hii, au huitaja kwa sentensi moja. Mimi naona Hunter na Williams wana haki ya kukaa ukurasa mmoja na samaki wa dhahabu.

Sasa turudi dukani. Weusi wa lenzi hauoneshi kwamba ina polaraizi. Chukua miwani miwili, itazame mmoja kupitia mwingine, kisha uzungushe mmoja robo duara. Kama yote ni ya polaraizi, patakuwa giza. Miwani ukiwa mmoja, tazama kioo cha simu na ukizungushe. Simu nyingi zitafifia au kubadilika. Polaraizi pia si kinga ya miali ya urujuanimno. Hiyo ni kazi nyingine, na alama ya kutafuta ni UV 400. Kwa mvuvi anayekaa juani maisha yake yote, hiyo si anasa: kinyama cha jicho na mtoto wa jicho huhusishwa na jua.

Rangi ni suala la mahali. Kijivu hufaa bahari ya kina yenye jua kali, kwa sababu haibadilishi rangi za vitu. Kahawia au shaba hufaa kwenye mchanga, mwani na miamba, maana huongeza tofauti kati ya samaki na sakafu. Njano ni ya alfajiri na mawingu. Lenzi za daraja la 4, nyeusi kupita zote, hazifai kuendeshea gari. Lenzi za kioo hazichubuki haraka lakini ni nzito. Za plastiki ni nyepesi na hutaka kufutwa kwa uangalifu, si kwa ncha ya shati lenye chumvi. Fremu ifunike pembeni. Kuhusu bei, naamini kwamba ukishapita kiwango fulani unalipia jina. Tena hakuna miwani inayonyoosha mwanga unaopinda ukitoka majini: samaki ataonekana juu kidogo ya pale alipo, na hilo linabaki kazi ya mvuvi.

Wengi wetu tukienda likizo Mombasa, Unguja au Lamu huagizwa viatu na simu. Kama una mjomba anayevua mwambani, mpelekee miwani ya kahawia, yenye alama ya UV 400, iliyofunika pembeni, pamoja na kamba yake ya shingoni, kwa sababu miwani mingi ikianguka baharini huzama.