Barabara ya Outer Ring: Uti wa mgongo wa Eastlands

BARABARA ya Outer Ring ndiyo kiungo kikuu kati ya Barabara Kuu ya Thika, kaskazini mwa jiji la Nairobi, na eneo la Embakasi lililo karibu na Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Urefu wake ni takriban kilomita 13, na humwezesha mkazi wa Eastlands kufika viwandani, sokoni au uwanjani bila kulazimika kupitia katikati ya jiji.

Njia yake

Barabara hii huanzia Allsops, Ruaraka, na kushuka kando ya Baba Dogo na Mathare North hadi Kariobangi, inapokutana na Barabara ya Juja. Kutoka hapo hupita kati ya Umoja na Buruburu, ikakutana na Barabara ya Jogoo katika mtaa wa Donholm. Baadaye huipita mitaa ya Tassia na Fedha na kufikia kikomo karibu na Pipeline. Katika safari hiyo huvuka mito ikiwemo Mathare, Nairobi na Ngong.

Hali ya awali

Kwa miaka mingi ilikuwa barabara nyembamba, yenye njia moja tu ya magari kwa kila upande. Mitaa iliyoizunguka ilifurika watu, ilhali barabara ilibaki ile ile. Malori ya viwandani, matatu, mikokoteni na wapita njia waling'ang'ania nafasi hiyo moja, na msongamano wa asubuhi na jioni ukawa desturi.

Upanuzi

Mnamo 2013, Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) iliidhinisha mkopo wa kuipanua. Kazi ilisimamiwa na Mamlaka ya Barabara za Mijini (KURA) na kutekelezwa na kampuni ya Sinohydro kutoka China. Hadi kufikia 2018, barabara ilikuwa imegawanywa kuwa ya pande mbili, ikaongezewa barabara za kando, njia za miguu na za baiskeli. Barabara za juu zilijengwa katika makutano makuu, likiwemo la Donholm, ili magari yaendayo mbali yasikwame kwenye mizunguko.

Upanuzi huo ulikuwa na gharama kwa wenyeji. Vibanda vingi vya wachuuzi vilivyokuwa kando ya barabara viliondolewa. Mnamo Septemba 2018, jengo la kibiashara la Taj Mall, lililokuwa pia likiitwa Airgate Centre, lilibomolewa kwa madai kwamba lilisimama katika ardhi ya barabara.

Usalama wa wapita njia

Suala zito zaidi lilikuwa uhai wa watembeao kwa miguu. Magari yalianza kwenda kasi katika njia mpya kabla ya vivukio vya juu kukamilika, na watu kadhaa waligongwa wakijaribu kuvuka. Wakazi walilalamika hadi vivukio hivyo vikajengwa.

Funzo lililo dhahiri ni kwamba, katika mitaa ambamo wengi hutembea kwenda kazini, kivuko ni sehemu ya barabara yenyewe wala si pambo la kuongezwa baadaye. Wahandisi wa barabara nyingine za Eastlands hawana budi kulizingatia hilo mapema, kabla ya lami kumwagwa.