Ndoto ya Wasiwasi Inayojirudia: Si Jinamizi, Wala Si Utabiri

Mtu mzima mwenye kazi na familia anaota yumo tena katika chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Karatasi ya hisabati iko mezani, kalamu haiandiki, msimamizi anatangaza kuwa zimebaki dakika tano, naye hajajibu hata swali moja. Anaamka jasho likimtoka. Wiki mbili tatu baadaye, ndoto ni ile ile. Akisimulia asubuhi, mmoja atamwambia kakabwa na jinamizi, mwingine atamwambia hiyo ni ishara ya jambo linalokuja. Wote wanamtakia heri, ila hakuna aliyelipa jambo hilo jina lake. Wanasaikolojia wanaitambua hali hii, na kwa Kiswahili jina linaloifaa ni ndoto ya wasiwasi inayojirudia.

Tulichambue jina hilo. Wasiwasi ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako hutaja mnong'ono wa Shetani moyoni mwa mtu. Kwetu limekuwa jina la mashaka yanayomkera mtu hata pale asipojua hasa anaogopa nini. Mwenye hofu ya nyoka anamjua nyoka wake. Mwenye wasiwasi hana cha kukinyooshea kidole. Ndiyo maana kusema “ndoto ya kutisha” hakutoshi hapa. Katika nyingi ya ndoto hizi hakuna mnyama wala muuaji. Kuna kuachwa na basi, kupotea njia ya nyumbani, kusimama mbele za watu bila nguo, au meno kudondoka mkononi.

Sehemu ya pili ni kujirudia. Wapo wanaoandika “ndoto za mara kwa mara”, na hapo maana inapotea. Mtu anaweza kuota kila usiku ndoto tofauti. Ndoto inayojirudia ni ile yenye kisa kile kile, au yenye mandhari mpya na moyo ule ule: leo shuleni, mwezi ujao stendi, lakini kote huko mwotaji anajikuta hajajiandaa.

Jinamizi ni jambo jingine. Anayesema alikabwa na jinamizi hueleza kitu mahususi: ameamka, anaiona dari na dirisha, lakini mkono hauinuki, sauti haitoki, na kifua ni kizito kama kimekaliwa. Sababu yake inajulikana. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa ipo awamu ya usingizi ambamo macho huchezacheza chini ya kope. Awamu hiyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, huwa ndefu zaidi kuelekea alfajiri, na ndoto zetu zilizo wazi zaidi hutoka humo. Wakati huo ubongo huilegeza misuli ili tusitende tunayoyaota. Fahamu ikitangulia kurejea kabla ya misuli, jinamizi limekaba. Kuweweseka nako kuna mahali pake: mtoto anayepiga mayowe saa tano usiku, na asubuhi hakumbuki lolote, ametikiswa katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku.

Sasa ndoto ya wasiwasi inasema nini? Sigmund Freud, katika kitabu chake cha kufasiri ndoto kilichotoka Novemba 1899, aliitazama kwa makini ndoto ya mtihani. Aliona kuwa watu huota mitihani waliyofaulu. Yeye mwenyewe alipata kufeli mtihani wa tiba ya mahakama, wala hakuuota kamwe. Aliota botania, zoolojia na kemia, ambazo alizipita. Tena ndoto hizo huja mtu anapokabiliwa na jukumu zito kesho yake. Sio lazima tuyakubali yote aliyoyasema Freud, lakini hilo linaonekana hata kwetu: anayeota mtihani wa zamani aghalabu ana mtihani wa sasa, kama deni, usaili wa kazi, au mgonjwa nyumbani.

Mapokeo ya Kiislamu, yaliyoilea elimu ya ndoto ya pwani yetu, yanazigawa ndoto mafungu matatu: bishara njema itokayo kwa Mungu, huzuni itokayo kwa Shetani, na yale ambayo nafsi inajisemesha yenyewe. Ndoto ya wasiwasi inayojirudia inakaa barabara katika fungu la tatu. Ni habari ya hali ya mwotaji leo. Kumwambia kwamba jino likidondoka ndotoni ndugu atafariki ni kumtwisha wasiwasi juu ya wasiwasi, na usiku unaofuata ataiota tena.

Zipo ndoto zinazorudia tukio lenyewe: ajali, kubakwa, vita. Hizo ni jeraha, na zinahitaji mtaalamu. Njia moja iliyothibitika ya kuzituliza ndoto zinazojirudia, iliyoenezwa na daktari Barry Krakow wa Marekani, ni nyepesi kueleza: mchana mtu anaiandika ndoto yake, anaibadilisha apendavyo, kisha kila siku anaipitia ile mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20. Msimamizi anamletea kalamu nyingine. Mlango uliofungwa unafunguka. Kwa wengi ndoto ya zamani hupungua nguvu.

Dawa nazo ziulizwe. Mefloquine ya malaria, na efavirenz iliyotumiwa kwa miaka mingi na wanaoishi na VVU, zinajulikana kuleta ndoto kali. Anayeshuku dawa yake amweleze daktari. Asiiache peke yake.

Kwa hiyo waandishi, wafasiri na watangazaji wa vipindi vya afya, tuliachie jinamizi kazi yake ya kukaba na kuweweseka kazi yake ya mayowe, na hali hii tuiite ndoto ya wasiwasi inayojirudia. Nawe unayeiota, kabla hujamtafuta wa kukuagulia, jiulize ni jambo gani la mchana linalokufanya ujihisi vivyo hivyo. Ikikunyima usingizi usiku kadhaa kila wiki, nenda kitengo cha afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nawe.