Binadamu Gani? Habari za Chupa ya Bibi

Bibi yangu wa Tanga alikuwa na kisukari. Chupa yake ya insulini aliiweka ndani ya mtungi wa maji, imefungwa nailoni, maana friji hatukuwa nayo. Siku moja mwaka 1994 nilimpelekea dawa kutoka mjini, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii si ya nguruwe?"

Swali lilikuwa na mantiki. Kwa miaka mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe waliochinjwa. Nikaisoma lebo kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: ni ya binadamu. Lahaula! Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. "Ya binadamu? Binadamu gani?"

Bibi alimwendea maalim wake, akaambiwa dharura ina hukumu yake, akaendelea kujidunga. Mimi nilibaki na swali. Jibu nilikuja kulipata baadaye sana vitabuni, na nawaletea vijana wenzangu, hasa nyie mnaoandika na kugombania majina yenu yatokee.

Novemba 1972, mjini Honolulu, maprofesa wawili walikutana kwenye mkutano. Stanley Cohen wa Stanford alikuwa fundi wa plasmidi, yaani viduara vidogo vya DNA vinavyoishi ndani ya bakteria. Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alikuwa na kimeng'enya kinachokata DNA kama mkasi. Usiku wakaketi mkahawani kupiga stori, na kumbe kila mmoja ana nusu ya ufunguo! Mwaka 1973 wakapachika jeni ngeni ndani ya plasmidi, wakairudisha kwenye bakteria, bakteria wakazaana nayo. Mwaka uliofuata wakatangaza kwamba wamefanya hivyo hata kwa jeni ya chura.

Sasa aingie mtu wa ofisi. Niels Reimers, aliyesimamia leseni za Stanford, alisoma habari hizo gazetini Mei 1974, akamfuata Cohen: tuombe hataza. Cohen akasita. Alisema kazi ile imejengwa juu ya jasho la wengi, tena fedha zilikuwa za umma. Mwishowe alikubali, na ombi likaingia Novemba 4, 1974, siku chache tu kabla muda wa kisheria haujakwisha.

Hapa mimi huwa nanung'unika. Makala ya 1973 ina majina manne: Cohen, Boyer, Annie Chang na Robert Helling. Kwenye hataza iliyotolewa Desemba 1980 yamebaki mawili. Helling, aliyebaki nje, hakufurahi hata kidogo, na nani angefurahi?

Lakini Reimers alijua biashara, lazima tukiri. Hakuiuza kwa tajiri mmoja. Alifungua mlango kwa kila kampuni, dola 10,000 kwa mwaka pamoja na mrabaha mdogo, bei ambayo haikufaa mtu kujisumbua kwenda mahakamani. Kufikia mwisho wa 1981 kampuni 73 zilikuwa zimesaini. Hataza ilipokwisha 1997, vyuo viwili vilikuwa vimevuna kama dola milioni 255. Siyo mchezo!

Boyer naye hakukaa bure. Mwaka 1976 kijana mmoja wa mambo ya mitaji, Robert Swanson, alimwomba dakika chache za mazungumzo, zikageuka saa kadhaa za bia. Kila mmoja akatoa dola 500, Genentech ikazaliwa. Mwaka 1978 watu wao walipata insulini ya binadamu kutoka kwa bakteria, na Oktoba 1982 Marekani iliidhinisha iuzwe, ikitengenezwa na Eli Lilly.

Mpaka kati ya chuo na kampuni ukawa mwembamba mno. Usiku wa kuamkia mwaka 1979, Peter Seeburg, aliyekuwa amehama chuo cha San Francisco kwenda Genentech, alirudi maabara yake ya zamani akachukua sampuli za homoni ya ukuaji. Alikuja kuyasema hayo mahakamani mwaka 1999. Genentech ilikana kosa, ila mwaka huohuo ikakubali kulipa dola milioni 200 kumaliza kesi. Chuo kikishaonja fedha, hata chupa ya friji inakuwa mali ya kushitakiana.

Basi yule binadamu wa bibi hakuwa mtu. Ni maelekezo ya mwili wa mtu, yaliyoandikwa upya ndani ya bakteria, au hamira kwa watengenezaji wengine, nao wanapika usiku na mchana ndani ya mapipa.

Bibi hakuishi kuyasikia haya. Nilimsimulia mama, ambaye naye sasa anajidunga, na kila mwezi tunachanga kununua chupa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaishika chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Na hao wadudu," akauliza, "wanalipwa nini?"