Susto, Mganga na Mwanasaikolojia

Katika vijiji vya Mexico na mitaa ya Wamexico huko Texas, California na New Mexico, mtu aliyepatwa na mshtuko mkubwa, uwe wa ajali au wa msiba, huenda akaambiwa kwamba roho yake imeuacha mwili. Usingizi haumjii, chakula hakipiti, mwili umelegea na huzuni imemjaa. Maradhi hayo huitwa susto. Mganga wake, curandera, humfanyia limpia: humpitishia yai na matawi ya mimea mwilini huku akiomba na kuiita roho irudi. Lakini kazi yake ina sehemu nyingine, plática, maongezi marefu ambamo mgonjwa hueleza yaliyomsibu, anaishi na nani, na ni ugomvi upi bado haujapatanishwa.

Mwanasaikolojia anayempokea mgonjwa huyo ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuandika kwenye faili kwamba ana kiwewe, na mengine kuyaweka kando kama imani za watu. Cha pili kina nia njema zaidi: kununua yai na ubani, akafanya limpia mwenyewe ofisini. Vyote viwili vinamwondoa mganga katika tiba, na hapo ndipo penye kosa.

Ushahidi wa Oaxaca, jimbo la Mexico, unafaa kusomwa upya. Mwaka 1984 mwanaanthropolojia Arthur Rubel na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watu wenye susto na majirani zao wagonjwa wasiokuwa nayo. Wenye susto walielemewa zaidi na shida za kutimiza wajibu wao katika jamii, na pia walikuwa na magonjwa mengi zaidi ya mwili. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba waliofariki miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Anayeipuuza susto, basi, anampuuza mtu aliye hatarini. Na anayeitibu kwa maombi peke yake, au kwa mazungumzo peke yake, huenda akapitwa na ugonjwa ambao daktari angeupima.

Chama cha Wanasaikatria cha Marekani kiliiorodhesha susto katika mwongozo wake wa uchunguzi mwaka 1994. Toleo la 2013 likaja na mahojiano ya maswali 16: mgonjwa anaueleza vipi ugonjwa wake, anadhani umetokana na nini, ameshatafuta msaada kwa nani. Hilo la mwisho linaweza kuokoa maisha. Greta na azarcón, unga ambao baadhi ya familia huwapa watoto wenye matatizo ya tumbo, zina madini ya risasi kwa wingi, na watoto wamedhurika nazo. Mama anayeogopa kuchekwa hatataja unga huo.

Mila ikiheshimiwa inaweza pia kuingia katika tiba yenyewe bila mtu kujivika uganga. Mjini New York, watafiti Giuseppe Costantino, Robert Malgady na Lloyd Rogler waliwatibu watoto wa asili ya Puerto Rico kwa hekaya za kwao. Mama na mtaalamu walisoma hadithi kwa lugha mbili, kisha mambo yake yakajadiliwa na kuigizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba wasiwasi wa watoto hao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata tiba ya kawaida, na hali hiyo ikadumu mwaka mzima. Mama alikuwa mshiriki wa tiba, si msindikizaji aliyeachwa kwenye benchi la nje.

Nafasi ya namna hiyo ndiyo anayostahili mganga. Huko Puerto Rico, mwanaanthropolojia Joan Koss aliwahi kuendesha mradi uliowakalisha pamoja waaguzi wa espiritismo, imani ya kuwasiliana na roho, na wahudumu wa afya ya akili, kila upande ukisikiliza jinsi mwenzake anavyomwelewa mgonjwa. Hakuna haja ya mmoja kuiga kazi ya mwingine. Kliniki zinazohudumia wazungumzaji wa Kihispania zingeanzia hapo: ziwatambue waganga wanaoaminiwa mtaani, ziwalipe wanapoitwa, na zikubaliane nao mapema ni dawa gani zisitumike na ni dalili zipi zinazomfanya mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.