Ushirika

Neno ushirika limetokana na kitenzi shiriki, chenye asili ya Kiarabu. Tusilichanganye na shirika: shirika ni chombo, ushirika ni hali ya watu kuwa na jambo moja. Kule Mwanza, jambo hilo moja lilikuwa mizani ya pamba. Wakulima wa pamba walilalamika kuwa wanunuzi wanawapunja, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Juhudi hizo, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, zilizaa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria.

Mwaka uliotangulia, serikali ya kikoloni ilikuwa imekipiga marufuku chama cha kudai uhuru, TANU, katika Jimbo la Ziwa, lililojumuisha Mwanza na Usukuma, na ikakiruhusu tena 1958 tu. Miaka hiyo yote, ghala la pamba lilibaki mahali ambapo mkulima wa Usukuma aliweza kukutana na wenzake kihalali, akachagua viongozi na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Huo ndio utawala wa kujitegemea, kabla haujapewa jina! Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika mwaka 1962.

Waandishi wenzangu, msiliandike neno hili kama habari ya mazao peke yake. Uhuru wetu umo ndani yake.